Asiyeona Kazini Nairobi: Wanavyodhani na Ilivyo

"Sasa kompyuta utaitumiaje?" Hilo ndilo swali la kwanza katika kila usaili niliowahi kuhudhuria hapa Nairobi, na huulizwa kwa sauti ya juu, kana kwamba masikio nayo yameharibika.

Dhana: Kompyuta ni ya wenye macho.

Programu ya kusoma skrini hutamka kila kilichoandikwa, nami naiamrisha kwa vitufe, kipanya sikigusi. Mwenzangu wa meza ya jirani aliwahi kuazima vipokea sauti vyangu, akavitoa upesi, akasema redio imeharibika. Kumbe ndio mwendo wa kasi ninaousikiliza kutwa nzima. Gharama nayo si kisingizio: NVDA, programu mojawapo ya aina hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, ni ya bure. Simu za Android nazo zina programu kama hiyo, TalkBack.

Kinachonikwamisha ni kitu kidogo zaidi: barua iliyochapishwa, ikagongwa muhuri, ikapigwa skana, ndipo nikatumiwa. Kwangu hiyo ni picha tu, kompyuta inanyamaza. Nitumie faili lile la kwanza, kabla ya muhuri, na kazi itakwisha kabla ya chai ya saa nne.

Dhana: Mwenye fimbo nyeupe haoni hata chembe.

Wengi wana uoni hafifu. Rafiki yangu hupita Tom Mboya Street na fimbo yake, kisha akiketi kwenye matatu anasogeza simu hadi puani asome ujumbe. Makanga mmoja alimwita tapeli mbele ya abiria wote. Lakini jicho linalosoma herufi kubwa kwa karibu haliwezi kuona shimo la majitaka ambalo mfuniko wake umeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Ofisini anachohitaji ni herufi zilizokuzwa na meza isiyoelekea dirisha lenye mwanga mkali. Basi.

Dhana: Kazi zao ni kupokea simu na kufuma sweta.

Sidharau kufuma, chuo cha ufundi cha wasioona kule Machakos kimewapa wengi riziki kwa mashine zile. Lakini mtu aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 40, mhasibu, hahitaji kuanza ufundi mpya. Hesabu bado anazijua. Anachopaswa kujifunza ni kutembea na fimbo, kusoma breili au kutumia programu ya sauti, kujipikia bila kuungua, kisha arudi mezani kwake. Huo ndio utengamao. Waajiri wengi hukosea hapa hapa: wanamwandikia barua ya kustaafu kwa sababu za kiafya, tena kwa huruma nyingi, wakati miezi michache ya mafunzo ingetosha.

Na kama kuna anayeamini kwamba kazi za kichwa hatuziwezi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 ilitokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye ana ulemavu wa macho.

Dhana: Wametengewa asilimia tano ya nafasi, kwa hiyo kazi zipo.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinazungumzia nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa, tena "hatua kwa hatua". Sheria ya 2025 ndiyo inayomgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi: atenge asilimia 5. Kwenye watu 20, huyo ni mtu mmoja.

Dhana: Hawalipi kodi kabisa.

Msamaha upo, ila hauji wenyewe. Unapimwa hospitalini, unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha unaomba cheti cha msamaha cha KRA, mamlaka ya kodi. Ukishakipata, shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazikatwi kodi ya mapato; zinazozidi hapo zinakatwa kama za mtu yeyote.

Juzi yule jirani yangu wa meza aliiona hati yangu ya mshahara, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kujisajili. Anavaa miwani ya kusomea.