Angani mvutano upo, enyi watunzi wa hadithi za mifugo

Nahariri hadithi za watoto hapa Mwanza, na miswada ya mifugo waliopanda roketi inazidi kumiminika. Naipenda. Ng'ombe akibishana na punda juu ya nani akae dirishani, mtoto hachoki kusikiliza. Ila kuna sentensi moja kuhusu mvutano, yaani nguvu ya dunia inayovuta vitu chini, imenichosha: "Walipovuka mawingu mvutano ukaisha, mbuzi akaanza kuelea."

Dhana: Angani hakuna mvutano.

Upo! Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Kikipita juu yetu, kinakuwa karibu nasi kuliko Nairobi. Kule juu mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao Kirumba. Waliomo wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, huku wakikimbia mbele karibu kilomita 28,000 kwa saa, ndiyo maana hawaifikii ardhi.

Watoto wetu wanalijua hili kwa miili yao. Anayeruka kutoka kwenye jabali kuingia ziwani, akiliachia embe lake kabla hajagusa maji, embe hubaki pale pale kando ya vidole. Kwa hiyo, mwandishi, mbuzi wako anaanza kuelea injini inapozimwa. Ikiwa bado inawaka, amegandamizwa sakafuni, uzito umezidi mara tatu, kichwa hakiinuki. Tayari watoto wanacheka. Halafu injini inazimwa. Kule gesi haijitengi na chakula tumboni, mwanaanga akibeua chakula huja nayo. Sasa mweke hapo mbuzi, anayecheua mchana kutwa!

Dhana: Mbuzi anaongea, sayansi ya nini?

Mtoto anajua mbuzi haongei. Mmeshakubaliana ukurasa wa kwanza. Kuhusu mvutano hamkukubaliana lolote. Atakuamini, na jibu hilo hilo ataliandika kwenye mtihani.

Dhana: Mifugo hawajawahi kuruka.

Mwaka 1783 kondoo, bata na jogoo walipanda puto la ndugu Montgolfier huko Versailles, Ufaransa, wakatua hai. Hawakufika anga za juu, lakini ni mwanzo mzuri wa hadithi. Mwaka 1990 vifaranga vya kware viliangulika ndani ya Mir, kituo cha anga cha Wasovieti, vikashindwa kujishikilia popote. Kuku wako mfunge kamba.

Dhana: Lazima waende kwanza Marekani.

Hii inaniuma. Jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini karibu na Malindi, lilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Liko latitudo inayokaribiana na yetu, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi inayoelekea mashariki. Warushe mifugo wako kutoka ufukweni hapa hapa, na uwaelekeze upande wa Serengeti.