Hilo ni gamba tupu, mwenzangu

Juzi usiku nimeletewa picha ya gamba tupu la kamba wa tangini na kuombwa dawa ya kulitibu. Wa nne huyo tangu Idi. "Kaka, kamba wangu kageuka mweupe, hatikisiki, nimtie dawa gani?" Nikamwambia aikuze picha, atazame ndani. Hamna utumbo, hamna nyama, hamna mtu. Kilichobaki ni nguo. Mwenyewe kavua, kaondoka.

Basi leo naandika, ili wa tano nimtumie hii nikalale.

Ninaowazungumzia ni kamba cheri, Neocaridina davidi, hawa wadogo wa pambo wanaovushwa na boti kutoka Dar hadi huku Unguja ndani ya chupa za maji, si wale wa mchuzi. (Jirani yangu hadi leo anaamini nafuga kitoweo kwa uvivu wa kwenda sokoni Darajani.) Hujivua gamba, na si lile la wanasiasa: watoto kila baada ya siku chache, wakubwa kila baada ya wiki kadhaa. Gamba liache humo humo, watalitafuna wenyewe, lina chokaa. Hilo tumelimaliza.

Sasa rangi. Watu wameshika kwamba kamba mwekundu ni mzima na aliyepauka ni mgonjwa. Mtoni kwao, Uchina na Taiwani, kamba huyu ana rangi ya tope. Wekundu ni kazi ya wafugaji waliochagua mzazi baada ya mzazi. Ukiwachanganya wekundu na wa buluu na wa manjano tangi moja, wajukuu watarudi kwenye tope la mababu, wazima kuliko wewe. Ukoo hautibiwi.

Rangi nyekundu yenyewe hutokana na chakula, mwani hasa, na huhifadhiwa kwenye vijiseli chini ya gamba vinavyotanuka na kusinyaa. Juu ya kitu cheusi vinatanuka, juu ya cheupe vinasinyaa. Na hapa ndipo ninapogombana na mchanga wa Paje. Tumejaaliwa mchanga mweupe kama unga, basi kila mtu anaubeba kwa ndoo anautia tangini. Kamba anajififisha asionekane, mwenye tangi anapiga simu. Tena mchanga ule ni matumbawe yaliyosagika, unazidisha ugumu (chokaa) wa maji ambayo huku Unguja yametoka kwenye mwamba wa matumbawe na ni magumu tangu kisimani. Tia kokoto nyeusi, subiri.

Linalotuponza ni hili neno "mweupe". Kuna maji ya dafu na kuna tui. Kamba aliyepauka kama maji ya dafu unamwona mpaka ndani: utumbo mweusi mgongoni, moyo ukidunda nyuma ya kichwa. Huyo katoka safarini, au kajivua gamba jana, au ni dume tu, maana madume hufifia kuliko majike maisha yao yote. Mwache. Aliye kama tui ni habari nyingine. Nyama yenyewe imepoteza uangavu, mara nyingi kuanzia mkiani, na ukimulika mwanga haupiti. Hiyo ni misuli inayokufa. Mtoe upesi umweke peke yake, kwa sababu akifa wenziwe watamla. Dawa? Mimi sina. Nimewatenga wengi, wachache wamerudi, na hao wachache siwezi kujisifu kwamba niliwaponya mimi.

Halafu kuna pete: mstari mweupe uliomzunguka mzima, pale kichwa kinapokutana na mgongo. Gamba limekatika pembe zote badala ya kufunguka juu, na mara nyingi hatoki hai. Kwa miaka nilihubiri kwamba ni upungufu wa chokaa. Chokaa gani, katika maji haya ya kwetu? Nilikuwa nasoma maandishi ya watu wenye maji laini. Siku hizi nawashuku wanaobadilisha nusu ya maji kwa mkupuo, nami nikiwa mmoja wao. Nilipoanza kubadilisha ndoo ndogo ndogo, pete zilipungua. Zilipungua, hazikwisha.

Doa la manjano au kijani nyuma ya kichwa cha jike ni mayai yanayoiva, si jipu. Yakishuka chini ya tumbo ni punje za duara unazoweza kuzihesabu, naye huyabeba takriban mwezi. Ukiona nyuzi za kijani badala ya punje, hicho ni kimelea, mtenge.

Kinachowaua wengi ni mwenye tangi. Dawa nyingi za samaki wenye madoa meupe zina shaba, na shaba kwa kamba ni sumu. Sumu nyingine ni dawa ya mbu. Mwaka juzi, Januari, nilipuliza sebuleni, tangi limefunikwa kwa kanga. Asubuhi nimekuta kamba kumi na saba wamelala chali, na waliotangulia ni wale wekundu kabisa niliokuwa nikiwaringia wageni. Sikatai kwamba umeme ulikatika usiku ule na joto la kaskazi lilikuwa limeyapasha maji, na maji ya moto hayashiki hewa. Huenda lilikuwa joto. Tangu hapo sipulizi.

Kwa hiyo mimi siulizi rangi, nauliza: anakula? Vijiguu vya chini ya tumbo vinapiga? Wamekwea wote juu ya maji? Akiwa hali, vijiguu vimesimama, au wote wamekwea juu, hapo tuzungumze, na nitaanza na maji. Madume yakizunguka tangi kama wendawazimu huku majike yametulia, usibabaike. Kuna jike kajivua gamba, na harufu yake imewafikia.

Yule kijana wa juzi, nilipomwambia ni gamba, akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa mwenyewe yuko wapi? Namtafuta na tochi tangu magharibi."

Yuko nyuma ya jiwe, bwana, laini kama ute wa yai, anakuogopa. Zima tochi.