Ukilala mchana, nani anasema nini? Uchovu usioisha na watu tunaoishi nao

Wengi wanaoingia ofisini kwangu hapa Mtwara hawasemi kwamba wana msongo wa mawazo. Wanasema mwili hauna nguvu, au wanaamka wamechoka kuliko walivyolala. Wameshazunguka: duka la dawa, zahanati, kwa mganga, kwenye maombi au kusomewa dua, na baadhi yao wamemeza dawa za malaria mara kadhaa bila kipimo kuonyesha malaria. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na mara nyingi mtu huja kwangu akiwa ameshaambiwa huko alikotoka kwamba hana ugonjwa, ni mawazo tu. Kauli hiyo inaniumiza. Mahusiano na hisia kweli vinachangia uchovu wa muda mrefu, ila vinapitia mwilini, na anayechoka hivyo hajifanyishi.

Kwanza damu. Sianzi kuzungumzia ndoa ya mtu ambaye hajapimwa wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu; kwa mwanamume ni chini ya 13. Huku kwetu Kusini safura, minyoo inayonyonya damu, na kichocho bado vipo, hedhi nzito zipo, na wapo wanaozaa bila kupumzisha mwili. Baada ya hapo sukari, tezi ya shingo, figo, kifua kikuu, VVU, na dawa anazotumia mtu. Anayekoroma sana usiku na kusinzia mchana naye achunguzwe usingizi wake. Mambo haya humchosha hata mtu ambaye nyumbani kwake hakuna ugomvi wowote.

Vipimo vikishafanyika ndipo nauliza swali langu. Siulizi "una mawazo gani?", maana jibu lake ni "sina." Nauliza hivi: "Ukilala mchana, nani anasema nini?"

Nitoe mfano, nikiwa nimechanganya habari za wanawake zaidi ya mmoja ili asitambulike mtu. Mama wa miaka arobaini na kitu, wa upande wa Tandahimba. Damu yake ilikuwa 8. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa asivimeze na chai, na baada ya miezi damu ikapita 12. Uchovu ulipungua kidogo, kisha ukagoma kuondoka. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngozi imebanduka kwa mafuta ya maganda ya korosho, maana jioni anabangua za kuuza. Nilimwomba anisimulie siku yake moja. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anamgeuza mama yake aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, anamsafisha, anabandika uji, anafuata maji, anakwenda shamba, anarudi kumgeuza tena. Jumatano ni marejesho ya mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Usiku mama yake akikohoa, yeye ameshaamka.

Nilipomuuliza swali langu alicheka. Kisha akasema, "Nilale mchana? Kaka zangu wakinikuta watasema mama analala kwenye uchafu, mimi nakoroma." Ana kaka wawili na dada mmoja, wote wanaishi karibu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa na yeye kwamba amechoka.

Sasa, mwili unafanya nini katika hali hiyo? Ubongo ukihisi hatari hutuma amri mpaka kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini na kortisoli. Kortisoli kwa kawaida hupanda alfajiri ili mtu aamke na nguvu, hushuka usiku ili alale. Kwa mtu anayeishi kwa wasiwasi mwaka hadi mwaka, mpangilio huo mara nyingi huvurugika: asubuhi hana nguvu, usiku macho makavu. Na usingizi wenyewe unakatika. Mke anayesikiliza mlango usiku kucha kujua mume anarudi vipi anaweza kukaa kitandani kwa muda wa saa nane, na ndani yake usingizi mzito ukawa kidogo sana.

Njia nyingine ni ya kinga ya mwili. Ukipata homa unataka kulala, chakula hukitaki, watu huwataki. Hizo ni kazi za saitokini, kemikali za kinga zinazouambia ubongo upunguze mwendo, na msongo wa muda mrefu unaweza kuzipandisha hata pasipo homa. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha mwaka 1995 utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu. Kidonda kidogo walichotiwa kwa makusudi kilichelewa kupona kwa takriban siku 9 kuliko cha wanawake wasiouguza mtu. Mwaka 2005 wakapima wanandoa 42: wale waliozungumza kwa uhasama, malengelenge waliyotiwa kwenye ngozi na watafiti yalipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wasio na uhasama. Hivyo ni vidonda, si uchovu, na siwezi kuvifananisha moja kwa moja. Lakini ninapoambiwa kwamba maneno ya nyumbani hayafiki mwilini, huwa nawaza ngozi za watu wale.

Kuna tabia ya moyo ninayoiona mara nyingi kwa wanaochoka hivi: kumeza maneno. Hasemi hapana, hasemi amechoka, anaudhika kimyakimya. Siku akipata nafuu anafidia kazi zote alizoziacha, kesho yake au keshokutwa anaanguka. Huku kwetu msichana hufundwa mapema kuvumilia, na mimi nauheshimu unyago. Umelea wanawake imara. Ila kuvumilia jua la shambani ni jambo moja, na kunyamaza miaka kumi huku ukibeba mzigo wa watu wanne ni jambo jingine. Wanaume nao wana namna yao. Anakuja akisema nguvu zimepungua, ameshanunua dawa za kila aina, kumbe hajalala vizuri tangu fedha za korosho ziishe kabla ya madeni, na hapo nyumbani hawajazungumza kuhusu fedha hizo ila kwa kugombana.

Hapa lazima nitenganishe mambo. Upo ugonjwa wa uchovu sugu wenyewe, unaoandikwa kwa kifupi ME/CFS. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu 1969. Vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015 vinataka uchovu uwe umemwangusha mtu kwa zaidi ya miezi 6, usingizi usiomburudisha, hali kuwa mbaya baada ya kujishughulisha hata kidogo, pamoja na akili kuwa nzito au kuzidiwa anaposimama. Kuzidiwa baada ya kujishughulisha huweza kuchelewa mpaka siku ya pili. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi, kwa mfano ya virusi vya Epstein-Barr au UVIKO-19. Chanzo chake si hasira wala ndoa mbaya. Mwaka 2021 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hao. Wanafundishwa kupima nguvu zao na kupumzika kabla hazijaisha. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa wa namna hii ajikaze ni kumuumiza. Watu wake wa karibu ndio wanaoamua kama ataweza kupumzika mapema au atasukumwa mpaka aanguke, na kutoaminiwa nao ni mateso ya ziada.

Kwa yule mama, karatasi ya daktari iliyoandikwa "apumzike" isingesaidia chochote. Huku, kwenye koo nyingi za Kimakonde, Kimakua na Kiyao, neno la mjomba lina uzito. Basi tukamwita mjomba, mzee mwenye heshima zake, nikamwamkia, nikamweleza damu ilivyokuwa na ilivyo sasa, kisha nikamwachia mama mwenyewe aseme siku yake kama alivyonisimulia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na hao wengine wako wapi?" Kikao cha ukoo kikafanyika. Kaka mmoja akachukua usiku, dada akachukua Jumapili na Jumatatu, kaka wa pili akalipa marejesho yaliyobaki. Mama bado anachoka, hasa wakati wa palizi. Lakini analala mchana akiwa amefunga mlango, na ameacha kuamka usiku kwa kila kikohozi.

Kikao cha namna hiyo hakifai kila nyumba. Pale penye kipigo au vitisho siwaketishi pamoja hata kidogo. Kwanza usalama, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo. Na ikiwa uchovu umekuja pamoja na kukosa hamu ya kila kitu, kulia bila sababu au kujiona hana thamani, inaweza kuwa sonona, ambayo ina tiba yake ya mazungumzo na ya vidonge. Ndugu akikuambia ni heri afe, usimwache peke yake na usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.