Kabla ya Kuhamisha Tundu la Kurudishia Hewa

Katika nyumba zenye mfumo mmoja wa kupoza na kupasha joto, ombi ninalolipata mara kwa mara ni hili: "Fundi, hili tundu kubwa la ukutani linatusumbua, lihamishie kwingine." Sababu huwa zinafanana. Kabati linataka kukaa pale, ukuta unabomolewa ili vyumba viwili viwe kimoja, au grili (kifuniko chenye vibati kinachofunika tundu) inavuma usiku kucha karibu na kitanda. Zote ni sababu za maana, na kazi yenyewe inafanyika. Ila kabla sijashika msumeno hupenda tuelewane kwanza tundu hilo lina kazi gani.

Feni ya mfumo haitengenezi hewa, inazungusha ileile iliyomo ndani ya nyumba. Kiasi kinachotoka kwenye matundu ya vyumbani ndicho kinachotakiwa kurudi kwenye mashine kupitia tundu hilo la kurudishia. Ukibana njia ya kurudi, hata uongeze matundu ya kutolea namna gani, feni haina cha kusukuma. Wakati wa kupoza, koili, yaani mabomba ya baridi yanayopoza hewa ndani ya mashine, inakosa hewa ya kuipa joto, inashuka chini ya nyuzi sifuri na kuanza kuganda barafu. Wakati wa kupasha, tanuru la gesi linapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inalizima, likipoa linawaka, kisha linazimwa tena. Mwenye nyumba anaona mashine ni mbovu na anaanza kutafuta nyingine, kumbe mashine haipati pumzi.

Sasa tuje kwenye mahali. Wengi wanaamini kwamba tundu la kurudishia likiwekwa upande fulani litavuta joto lote la upande ule. Washa mshumaa, simama umbali wa mkono mmoja, upulize: unazimika. Baki palepale, safari hii vuta pumzi kwa nguvu zako zote: mwali hautikisiki. Hewa inayopulizwa huenda kwa mkondo mmoja na kufika mbali. Inayovutwa hutoka pande zote kwa pamoja, na kasi yake inakwisha karibu kabisa na tundu. Kwa hiyo kinachochanganya hewa ya chumba ni matundu ya kutolea, na hayo ndiyo yanayotaka kupangwa kwa uangalifu mkubwa. La kurudishia ukilisogeza mita mbili tatu kwenye ukumbi uleule, starehe ya chumba haibadiliki sana. Hata ule ubishi wa juu au chini una uzito kwenye nyumba yenye ngazi ndefu au dari refu sana, ambako hewa ya moto hujikusanya juu. Kwingineko mimi sipotezi muda nao.

Hilo linampa mwenye nyumba uhuru mwingi wa kuchagua mahali, lakini kuna sehemu ambazo sikubali. Jikoni, bafuni, chooni na kwenye gereji hapana, kwa sababu harufu, unyevu na moshi vitasambazwa nyumba nzima. Kingine ni kizito zaidi: chumba chenye jiko la kuni au hita ya maji ya gesi inayotoa moshi kwa bomba la kawaida. Mvuto wa tundu unaweza kuushinda mvuto wa bomba, moshi ukageuza njia na kurudi ndani, na monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka angalau futi 10, yaani mita 3 hivi, kati ya tundu la kurudishia na chombo cha namna hiyo kilichomo chumba kimoja nalo. Hapa sijadiliani na mteja, hata kama kabati lake halina pengine pa kukaa.

Epuka pia kuliweka mkabala na tundu la kutolea lililo karibu, maana hewa iliyotoka kupozwa itarudi kabla haijazunguka. Na tazama kidhibiti joto kiko wapi. Mara nyingi kimefungwa ukutani karibu na tundu la zamani makusudi, ili hewa inayorudi ikipitie na kisome hali halisi ya nyumba. Tundu likihama, kidhibiti kinaweza kubaki kwenye kona iliyotuama, kisha watu wakashangaa kwa nini mfumo umeanza kuwaka na kuzima ovyo. Kukihamisha nacho ni kazi ndogo ukilinganisha na usumbufu huo.

Jambo ninalolipigania kuliko yote ni ukubwa. Chukua mfumo wa tani 3, yaani unaopoza kwa kilowati 10.5 hivi. Kila tani huhitaji takriban lita 190 za hewa kwa sekunde, kwa hiyo jumla ni kama lita 570. Grili ya sentimita 50 kwa 50 ina eneo la mita mraba 0.25, lakini vibati vyake vinaziba sehemu. Tukikadiria kwamba asilimia 70 ndiyo iliyo wazi, inabaki kama 0.175. Hewa yote ile ikipita hapo itakwenda kwa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, na huo ndio mvumo unaomnyima mtu usingizi. Mimi hulenga mita 2 au pungufu, na hapo grili inafika sentimita 50 kwa 80. Ikiwa filta inakaa nyuma ya grili, ongeza tena. Kwa hiyo anayetaka tundu lihamishwe kwa sababu ya kelele, mara nyingi namshauri tulipanue palepale au tuongeze la pili. Kona moja kwenye dakti (njia ya bomba inayopitisha hewa), ikiwa na sponji ya kunyonya sauti ndani, nayo inapunguza mvumo wa feni.

Halafu kuna milango. Tundu likiwa moja ukumbini, chumba cha kulala kikifungwa hewa yake inarudi kwa kupenya chini ya mlango. Pengo la sentimita 2 chini ya mlango wa sentimita 80 hupitisha lita kama 20 kwa sekunde kabla shinikizo la chumba halijavuka paskali 3 (paskali ni kipimo cha shinikizo), kiwango ambacho mafundi wengi hukichukua kuwa ndio mwisho. Chumba kinachopewa lita 50 kitajaa, na hewa itatafuta nyufa za dirisha na dari. Ukimalizia kulihamisha tundu nyuma ya mlango unaofungwa, nyumba nzima iliyobaki inakosa njia ya kurudishia. Dawa ni grili ya kupitisha hewa juu ya mlango, au dakti fupi darini inayounganisha chumba na ukumbi.

Ndani ya ukuta, hakikisha kwanza hakuna nyaya, mabomba wala nguzo inayobeba nyumba. Usitumie uwazi wa ukuta wenyewe kama dakti, ingawa nyumba nyingi za zamani zilijengwa hivyo. Upande wa kurudishia unavuta, kwa hiyo kila ufa unaingiza vumbi la darini, joto la paa, au harufu ya gereji. Weka dakti ya bati, funga viungo kwa skrubu, kisha paka mastiki, yaani lami nzito ya kuzibia viungo. Tepu ya kitambaa haifai kazi hii. Mwaka 1998 watafiti wa Maabara ya Kitaifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, walizijaribu aina mbalimbali za vizibio kwa kuvizeesha haraka, na tepu ya kitambaa ndiyo iliyoachia vibaya. Ukitumia dakti ya kunyumbulika, ivute inyooke kabisa, ukate ziada. Ikiachwa na mikunjo inakaba hewa kuliko watu wanavyodhani.

Tundu la zamani usiliachie jipsamu na rangi peke yake. Nyuma yake dakti bado inavuta. Izibwe kwanza kwa bati na mastiki pale inapoungana na dakti kuu, ndipo ukuta ufungwe.

Pima shinikizo la dakti kabla ya kazi na baada yake, filta ikiwa safi na matundu yote wazi. Mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa jumla ya paskali 125 hivi, ukijumlisha upande wa kuvuta na wa kusukuma. Namba ya mashine yako imeandikwa kwenye kibandiko chake. Ikiwa baada ya kuhamisha kipimo kimepanda, njia mpya inabana, na ni afadhali kuifungua kabla rangi haijapakwa. Nikiwa hapo hufunga milango yote ya vyumba na kupima tena. Palipo na hita ya gesi, huiwasha hita hiyo huku feni ya mfumo ikizunguka, nikaona kama moshi wake unapanda.