Je, Wajua? Kwa Nini Aliyeshinda Mbio 11 Alikosa Ubingwa, Ukaenda kwa Aliyeshinda 3

Jumapili ya Novemba 17, 2024, kwenye mbio za pikipiki za MotoGP katika uwanja wa Barcelona, Francesco Bagnaia wa Italia alivuka mstari akiwa wa kwanza. Ulikuwa ushindi wake wa 11 katika msimu wa mbio 20. Aliyemaliza wa tatu alikuwa Jorge Martín wa Hispania, ambaye mwaka mzima alikuwa ameshinda mara 3 tu. Lakini aliyebebwa juu juu kama bingwa wa dunia siku hiyo ni huyo wa tatu. Pointi 508 kwa 498.

Hakuna aliyekatwa pointi mezani, na hakuna aliyepewa chombo bora kuliko mwenzake: wote wawili waliendesha pikipiki ya Ducati ya toleo la mwaka huo huo. Tena Bagnaia ndiye aliyekuwa timu ya kiwanda, bingwa mtetezi aliyekuwa ametwaa taji mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Martín alikuwa Pramac, timu binafsi inayopewa pikipiki na kiwanda, na tangu enzi ya MotoGP ianze mwaka 2002 hakuna dereva wa timu ya namna hiyo aliyekuwa amewahi kuwa bingwa. Kwa upande mwingine, kabla ya Bagnaia, kila aliyefikisha ushindi 10 katika msimu mmoja wa daraja la juu alimaliza mwaka na taji mkononi.

Imekuwaje basi?

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: MotoGP ndilo daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki kwenye lami, ndani ya mashindano ya dunia yaliyoanza mwaka 1949. Boda ya kawaida mtaani kwetu ina injini ya cc 100 hadi 150. Hizi ni za cc 1000, uzito wake wa chini unaoruhusiwa ni kilo 157, na mwaka 2023 Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa akiwa kwenye kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello, Italia. Msimu huanza Machi hivi na kwisha Novemba, ukizunguka Ulaya, Asia, Marekani na Australia. Afrika haimo, mara ya mwisho ilikuwa Welkom, Afrika Kusini, mwaka 2004.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana siri yote imelala humo.

Jumapili ndiyo siku ya Grand Prix yenyewe. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16, wa nne 13, wa tano 11, wa sita 10, kisha zinapungua moja moja mpaka wa 15 anayeambulia 1. Kuanzia wa 16 ni sifuri. Aliyeanguka na kushindwa kuendelea, sifuri vilevile, hata kama alikuwa anaongoza hadi kona ya mwisho.

Angalia pengo la kwanza na la pili: pointi 5. Halafu angalia pengo la wa pili na yule aliyelala kwenye changarawe: 20. Ukianguka siku ambayo mpinzani wako anashinda, umeachwa kwa 25. Kuzirudisha, huku yeye akimaliza wa pili kila mara, utahitaji kushinda mbio 5. Yaani kosa la sekunde mbili linalipwa kwa miezi miwili ya kazi isiyo na dosari.

Martín alikuwa bingwa wa nafasi ya pili. Siku za Jumapili alimaliza wa pili mara 10! Ukijumlisha ushindi wake 3 na nafasi ya tatu mara 3, alipanda jukwaani mara 16 katika mbio 20. Wengi huishia hapo na kusema: basi, Martín alikuwa hatetereki na Bagnaia alikuwa wa kushinda au kuanguka. Maelezo hayo yana ladha nzuri lakini hayatoshi, kwa sababu Bagnaia naye alipanda jukwaani mara 16, na mara 11 kati ya hizo alikuwa juu kabisa. Ukihesabu Jumapili peke yake, Bagnaia ana pointi 370 na Martín 337. Angekuwa bingwa kwa tofauti ya 33, na leo tusingekuwa na cha kuulizana.

Ubingwa ulipotea Jumamosi.

Tangu mwaka 2023 kila wikendi ya MotoGP ina mbio mbili. Jumamosi kuna mbio fupi, karibu nusu ya mizunguko ya Jumapili, na wanaopata pointi ni tisa wa kwanza tu: 12, 9, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1. Kwa raundi za Ulaya wakati wa kiangazi, mbio hizo huanza saa 10 jioni kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na zile za Jumapili saa 9 alasiri. Kuna jambo moja kuhusu Jumamosi ambalo ndilo linalowachanganya watu: ushindi wake hauandikwi kwenye orodha ya ushindi wa Grand Prix. Kwa hiyo tunaposema "11 kwa 3", tunahesabu Jumapili tu. Lakini pointi za Jumamosi zinaingia kapu lile lile.

Na kwenye kapu hilo, Jumamosi ilimpa Martín pointi 171, Bagnaia 128. Pengo la 43. Toa zile 33 za Jumapili, zinabaki 10. Hizo ndizo 508 kwa 498.

La kushangaza zaidi ni kwamba hata Jumamosi Martín hakushinda mara nyingi zaidi. Kila mmoja alishinda mbio fupi 7, yaani pointi 84 kwa kila mtu. Tofauti yote inatoka kwenye zile 13 zilizobaki, ambazo Martín alichuma pointi 87 na Bagnaia 44. Mmoja, asipokuwa wa kwanza, mara nyingi alikuwa wa pili au wa tatu. Mwingine, asipokuwa wa kwanza, mara 5 hakumaliza kabisa. Jerez, Hispania, Bagnaia alibanwa katikati ya pikipiki mbili akaanguka. Le Mans, Ufaransa, alirudi gereji kabla ya mbio kwisha. Silverstone, Uingereza, alianguka. Sepang, Malaysia, wikendi ya kabla ya ile ya mwisho, alianguka akiwa wa pili, anamfukuza Martín mwenyewe.

Nimeiacha ya tano, ya Catalunya (uwanja ule ule wa Barcelona), makusudi, kwa sababu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilikuwa Mei. Katika mbio hizo fupi madereva wawili, Raúl Fernández na Brad Binder, walikuwa wameshaanguka kwa zamu wakiwa wanaongoza, na uongozi ukamwangukia Bagnaia kama zawadi. Mzunguko wa mwisho. Akafika kona ya 5, kona ya kushoto inayokuja baada ya kona ndefu za kulia. Kona za kulia zinapokuwa nyingi, upande wa kulia wa tairi unachemka na wa kushoto unapoa. Ukiinamisha pikipiki kushoto ghafla huku breki ya mbele bado imebanwa, mpira uliopoa hauishiki lami. Tairi la mbele likateleza, pikipiki ikalala, na Aleix Espargaró akapita kwenda kushinda. Martín, aliyekuwa wa tano, akapanda hadi wa nne.

Piga hesabu. Kama Bagnaia angebaki kwenye magurudumu mawili, angepata 12 badala ya 0, na Martín angepata 5 badala ya 6. Mwisho wa mwaka ungekuwa 510 kwa 507, na bingwa ni Bagnaia. Kona moja, mwezi wa tano. Kesho yake, katika Grand Prix, Bagnaia alimpita Martín kwenye kona hiyo hiyo ya 5 na akashinda, jambo lililowafurahisha mashabiki wake kupita kiasi, lakini pengo la kwanza na la pili, kama tulivyoona, ni pointi 5 tu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtu hodari hivi alikuwa anaharibikiwa Jumamosi. Sehemu ni bahati mbaya, lakini si yote. Uwezo mkubwa wa Bagnaia ni kulitunza tairi na kuongeza kasi wakati wengine yao yamechakaa. Mbio zikiwa fupi, wakati huo haufiki. Martín ni wa kuchomoka: taa zikizimika, yeye yuko mbele kwenye kona ya kwanza. Na mbio fupi hazina muda wa kusamehe. Ukianza vibaya Jumapili, una mizunguko 20 na ushei ya kujikusanya. Jumamosi inabidi ulazimishe, na anayelazimisha huanguka.

Wapo wanaosema mbio fupi zilimdhulumu Bagnaia. Sikubaliani nao. Sheria ilijulikana kabla ya msimu, na mwaka 2023 Bagnaia huyo huyo alitwaa taji chini ya sheria hiyo hiyo, akimshinda Martín huyo huyo. Tena Martín naye alikuwa na makosa yake. Jerez alianguka Jumapili akiwa anaongoza. Sachsenring, Ujerumani, alianguka tena akiwa anaongoza, zikiwa hazijabaki hata mizunguko miwili, akamwachia Bagnaia ushindi pamoja na uongozi wa msimamo.

Halafu kuna Misano, Italia, Septemba. Martín alikuwa mbele kwa pointi 26 asubuhi ya Jumapili. Mbio zikiwa zimeanza, matone ya mvua yakadondoka. Sheria inaruhusu dereva kuingia gereji na kubadili pikipiki, achukue yenye matairi ya mvua. Martín akaingia. Wengi wa wale waliokuwa mbele hawakuingia. Matone yakakatika, lami ikabaki kavu, na yeye yuko juu ya matairi ya mvua! Ikabidi arudi tena abadilishe. Alimaliza wa 15, pointi 1. Bagnaia akawa wa pili, na pengo likashuka hadi 7. Wiki mbili baadaye mashindano yalirudi uwanja huo huo wa Misano kwa raundi nyingine. Safari hii Bagnaia ndiye aliyeanguka Jumapili, Martín akawa wa pili, pengo likaruka hadi 24. Msimu huo ulikuwa hivyo, kila mmoja akimrudishia mwenzake alichookota.

Baada ya Indonesia pengo lilikuwa 21, na wikendi 5 zimebaki. Hapo Bagnaia alifanya karibu kila kinachowezekana: alishinda Japani, Thailand, Malaysia na Barcelona, Jumapili 4 kati ya 5. Na bado alipunguza pengo kwa pointi 11 tu. Japani Martín wa pili. Thailand, wa pili. Malaysia, wa pili. Ushindi mmoja, pointi 5. Ushindi mwingine, pointi 5. Kisha Jumamosi moja ya Sepang ikachukua 12. Walipofika Barcelona (raundi ya mwisho ilikuwa ifanyike Valencia, ikahamishwa kwa sababu ya mafuriko makubwa yaliyolikumba eneo hilo mwishoni mwa Oktoba), Martín alikuwa na 24 mbele na zilizobaki kugombewa ni 37. Bagnaia akazichukua zote 37. Martín akawa wa tatu Jumamosi, wa tatu Jumapili, bila haraka, na ikatosha.

Mambo haya si mapya. Mwaka 2006 Nicky Hayden wa Marekani alishinda mbio 2 tu dhidi ya 5 za Valentino Rossi, na akamshinda kwa pointi 252 kwa 247 baada ya Rossi kuanguka kwenye mbio za mwisho. Mwaka 2020 Joan Mir alitwaa taji kwa ushindi mmoja, huku Fabio Quartararo na Franco Morbidelli wakiwa na 3 kila mmoja. Kiboko yao ni Emilio Alzamora: mwaka 1999, daraja la cc 125, alikuwa bingwa wa dunia bila kushinda hata mbio moja msimu mzima. Alipata pointi 227, na Marco Melandri 226. Alzamora huyo baadaye akawa meneja wa kijana mmoja aitwaye Marc Márquez.

Na Márquez ndiye aliyetoa picha ya upande wa pili. Mwaka 2025 alihamia timu ya kiwanda ya Ducati, kando ya Bagnaia, huku Martín akienda timu ya Aprilia na namba 1 yake ya bingwa. Márquez alishinda Grand Prix 11, idadi ile ile ya Bagnaia wa 2024. Lakini juu ya hizo aliongeza mbio fupi 14 za Jumamosi, na akawa bingwa zikiwa zimebaki raundi 5. Taji alilifunga Motegi, Japani, Septemba 28, kwa kumaliza wa pili. Aliyeshinda wikendi hiyo, Jumamosi na Jumapili zote mbili, alikuwa Bagnaia.