Nafasi Kwanza, Tafsiri Baadaye: Safari ya Matokeo ya Utafutaji

Matokeo yaliyotafsiriwa unayoyaona unapotafuta jambo mtandaoni hupangiwa nafasi kwanza, ndipo hutafsiriwa. Nausisitiza mfuatano huo kwa sababu wenye tovuti huilaumu tafsiri kwa kasoro nyingi ambazo chanzo chake kiko nyuma kabisa, kwenye faharasa, yaani orodha ambamo injini hutafuta kurasa.

Faharasa ya injini ya utafutaji imegeuzwa: badala ya ukurasa kuorodhesha maneno yake, kila neno limeandikiwa kurasa zote linamopatikana. Roboti, yaani programu zinazotembelea kurasa za mtandaoni, huijaza mapema, kwa hiyo swali linapofika, injini huchota orodha za maneno ya swali na kuangalia ni kurasa zipi zinazokutana humo. Kisha huja hesabu ya uzito, inayoupa kila ukurasa alama. Kanuni ya zamani ambayo mifumo mipya bado hupimwa nayo ni BM25. Neno adimu hupewa uzito zaidi kuliko neno lililotapakaa kila mahali, hoja aliyoieleza mtaalamu wa kompyuta Karen Spärck Jones mwaka 1972. Kurudiarudia neno nako kuna kikomo. Kwa ukurasa wa urefu wa wastani na kigezo k1, kinachoamua kurudia neno kunaongeza kiasi gani, kikiwa 1.2, neno likitokea mara moja huzidishiwa uzito wake kwa 1. Mara mbili, kwa 1.375, mara kumi, kwa 1.96 tu. Lirudie hata mara elfu, halitafika 2.2. Anayelisukumiza neno lilelile katika kila sentensi anaharibu maandishi yake bure, na vichujio vya taka vinaweza kumshusha zaidi.

Kiswahili kina ugumu wake hapa. Mtu anatafuta "kusafisha kisima", na ukurasa bora kabisa unasema "visima husafishwa". Kwa mashine inayolinganisha herufi tu, hakuna neno hata moja lililokutana. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja, hivyo mzizi mmoja huzaa maumbo mengi sana. Dawa ya kwanza ni kukata viambishi, lakini ukikata kibubusa, "kila" hupoteza "ki-" na kubaki "la", neno jingine kabisa. Mifumo ya sasa hugawa maneno katika vipande vilivyojifunzwa kutoka kwenye maandishi mengi, na lugha yenye maandishi machache mtandaoni hupata vipande vibaya vinavyokatiza katikati ya mzizi. Kwa hiyo nashauri kichwa cha habari kibebe umbo ambalo watu huliandika wanapotafuta, mara nyingi "ku-" na nomino ya umoja, na ndani ya maandishi uache wingi na kauli nyingine zitokee zenyewe.

Viungo huongeza ushahidi wa aina nyingine. PageRank, kanuni ya kupima uzito wa ukurasa kwa viungo iliyochapishwa na Larry Page, mwanzilishi mwenza wa Google, na wenzake mwaka 1998, humfikiria msomaji anayefuata kiungo kwa uwezekano wa 0.85 na kurukia ukurasa wowote kwa 0.15 iliyobaki. Ukurasa anaoufikia mara nyingi ndio wenye uzito. Baada ya mchujo wa kwanza, miundo ya neva (programu zinazojifunza lugha kutoka kwenye maandishi mengi) kama BERT, ambayo Google ilianza kuitumia katika utafutaji mwaka 2019, husaidia kupima maana ya swali zima.

Lugha ya ukurasa mrefu hutambulika kirahisi kwa mifuatano ya herufi. Swali la maneno mawili ndilo taabu, hasa likiwa na maneno kama "video" au "radio" ambayo lugha nyingi zinayo. Hapo injini huegemea lugha ya mipangilio ya mtumiaji na mahali alipo. Google huamua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana, haiitegemei lebo ya lang, inayotaja lugha ndani ya msimbo wa ukurasa. Menyu na vitufe vya Kiingereza vilivyozunguka aya mbili za Kiswahili vinaweza kuupotosha utambuzi huo.

Kurasa nzuri za lugha ya mtafutaji zikikosekana, injini inaweza kutafsiri swali lenyewe, au kuliweka swali na kurasa katika vekta, yaani safu za namba zinazowakilisha maana, zinazoshirikiwa na lugha nyingi. Njia ya kwanza ni nafuu lakini swali fupi halina muktadha: "kata" ni kitenzi au eneo la utawala? Ukurasa wa kigeni uliopatikana huja na viungo vyake na uzito wake wa huko ulikotoka. Kichwa na dondoo, yaani maelezo mafupi yaliyo chini ya kichwa, ndivyo hutafsiriwa kwenye orodha ya matokeo. Ukibofya tokeo la namna hiyo kwenye Google, ukurasa hufunguka kupitia anwani yenye translate.goog. Dondoo huharibika zaidi kwa sababu ni kipande kilichokatwa. Nomino ikibaki nje ya kipande, mashine haina pa kushika ngeli, na kisima kinageuka kitu "uliochimbwa".

Ukiwa na matoleo ya lugha mbalimbali, mpe kila toleo anwani yake na uyaunganishe kwa hreflang, lebo inayoiambia injini matoleo mengine ya lugha yako wapi. Sehemu ya kwanza ni msimbo wa lugha, ya pili ya nchi: "sw" ni sahihi, "sw-TZ" ni sahihi, "tz" peke yake ni kosa. Kila toleo lijitaje lenyewe na litaje mengine yote. Kiungo kisichorudishiwa hupuuzwa. Kosa baya kuliko yote ni ukurasa wa Kiswahili ambao lebo yake ya canonical, inayotaja ukurasa ulio asili, inaelekeza kwenye ule wa Kiingereza. Hapo umeiambia injini kwamba wa Kiswahili ni nakala, nayo inaweza kuuacha nje ya faharasa. Pia usimhamishe mgeni kwa nguvu kulingana na IP, yaani anwani ya mtandao inayoonyesha mahali alipo: Googlebot, roboti ya Google, hutembelea zaidi kutoka anwani za Marekani na haitumi kichwa cha Accept-Language, kinachotaja lugha anayoipendelea mgeni, hivyo inaweza kuona toleo moja tu.

Asiyetaka ukurasa wake utafsiriwe kwenye matokeo ya Google aweke notranslate katika lebo ya meta ya robots, ambayo ni maagizo kwa roboti ndani ya msimbo wa ukurasa. Anayetaka utafsiriwe vizuri aandike sentensi kamili, aitaje nomino upya badala ya kuiachia aya iliyotangulia, na maelezo muhimu yaliyo ndani ya picha ayaweke katika maandishi ya kawaida, kwa kuwa maneno yaliyochorwa kwenye picha kwa kawaida hubaki katika lugha yake ya asili.