Je, wajua kwa nini miguu hugoma ukishuka kwenye baiskeli?

Anayejiandaa kwa triathloni fupi ya kwanza maishani mwake, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, kwa kawaida huogopa maji. Anawaza zile mita 750 za kuogelea, anajiuliza kama pumzi itatosha, na usiku wa kuamkia mashindano ndizo zinazomnyima usingizi. Siku ikifika, maji anayavuka, kilomita 20 za baiskeli anazimaliza, na balaa linamkuta asipolitarajia: mita mia chache za mwanzo wa mbio za kilomita 5. Miguu haimtii. Mapaja yamekakamaa, magoti yanalegea, nyayo zinatua kwa kishindo, na anaona kama hasogei. Huyu huyu wiki iliyopita alikimbia kilomita hizo tano bila taabu.

Wengi husema ni uchovu tu. Uchovu upo, lakini ungekuwa peke yake ungezidi kadiri anavyoendelea kukimbia. Hali hii hufanya kinyume: mara nyingi kabla ya kilomita ya pili kuisha, miguu huwa imerudi. Kwa hiyo kuna jambo jingine.

Tuanze na misuli. Juu ya baiskeli, uzito wa mwili umebebwa na siti, pedali na usukani. Misuli ya paja husukuma pedali kwa kujifupisha, hupumzika kidogo, kisha husukuma tena, na hakuna mshindo wowote. Kukimbia ni kazi nyingine kabisa. Kila mguu unapotua hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na msuli wa paja hulazimika kukaza huku ukivutwa, la sivyo goti litakunjika. Kigimbi na kano ya kisigino, ambazo kwenye baiskeli hazikuwa na kazi kubwa, sasa ndizo zinazopokea mshindo huo na kukurusha mbele.

Halafu kuna nyonga. Mwendesha baiskeli ameinamia usukani, na paja lake halinyooki kikamilifu hata mara moja. Misuli ya mbele ya nyonga, ile inayoinua paja, hubaki imefupika muda wote huo, pengine dakika 40, pengine saa nzima. Ghafla inatakiwa iachie ili mguu ufike nyuma ya mwili, nayo haiachii mara moja. Simama kwenye njia ya kutokea eneo la kubadilishia, pale wanapoacha baiskeli, uwatazame wanaoanza kukimbia: wengi wameinama kiunoni, hatua ni fupi, makalio yamebaki nyuma. Ungedhani wanaumwa mgongo. Urudi uwatazame mwishoni, utakuta wamenyooka.

Sababu ninayoiona ya kuvutia kuliko zote iko kwenye ubongo na neva. Kwa muda mrefu ubongo umekuwa ukituma amri ileile, zungusha, zungusha, labda mara 80 au 90 kwa dakika. Mpangilio huo wa amri haufutiki kwa kushuka tu. Kwa baadhi ya watu misuli huendelea kwa muda kuitikia kwa utaratibu wa baiskeli ilhali mwili umeshaanza kukimbia, na kasi ya kupiga pedali huhamia kwenye hatua. Macho nayo hudanganya. Aliyetoka kwenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa akianza kukimbia kilomita 10 kwa saa hujiona anatambaa. Hapo ndipo wanaoanza huharibikiwa: wanajisukuma wakidhani wako taratibu, kumbe wanakimbia kasi kuliko walivyowahi mazoezini, na nguvu zinawaishia katikati ya njia.

Dawa yake ni mazoezi, na si mazoezi makubwa. Mara moja kwa wiki, ukimaliza kuendesha baiskeli, vaa viatu vya kukimbia hapo hapo ukimbie dakika 10 au 15. Usikae kwanza, usioge, usijibu simu. Kinachofundishwa ni ule mpito wenyewe. Ningekuwa na muda mfupi wa kujiandaa, zoezi hili lingekuwa la mwisho kuliacha. Siku ya mashindano, kwenye kilomita ya mwisho ya baiskeli weka gia nyepesi, na kama njia ni salama simama juu ya pedali mara mbili tatu ili nyonga inyooke. Helmeti usiifungue mpaka baiskeli iwe imeshatulia kwenye nafasi yake, maana kuifungua mapema ni kosa lenye adhabu. Kisha anza kwa hatua fupi, ukijizuia kwa makusudi. Saa ya mkononi ni ya kuaminika zaidi kuliko hisia zako wakati huo.

Mpito wa kwanza, wa kutoka majini, una kizunguzungu chake. Mwili ulikuwa umelala, sasa umesimama wima na unakimbilia baiskeli, hivyo damu hushuka miguuni na kichwa huhisi chepesi. Kupiga miguu kidogo zaidi katika mita za mwisho za kuogelea husaidia, na kutembea badala ya kukimbia hakukatazwi.

Mtu anaweza kuuliza: kama mbio baada ya baiskeli ni ngumu hivi, kwa nini zisitangulie? Ziliwahi kutangulia. Tarehe 25 Septemba 1974, Mission Bay, San Diego, Marekani, watu 46 walishiriki shindano lililoitwa triathloni, na lilianza kwa kukimbia, ikafuata baiskeli, kuogelea kukaja baadaye. Leo kuogelea hutangulia kwa ajili ya usalama. Mkimbiaji aliyeishiwa nguvu anaweza kukaa kando ya njia. Muogeleaji hana mahali pa kukaa. Hata hivyo, anayeogopa zile mita 750 ajue kwamba anaruhusiwa kuogelea kwa mtindo wowote, na kwamba akizidiwa anaweza kushika boya au mtumbwi wa waokoaji apumzike, mradi tu asiutumie kujisogeza mbele.